Dai la Mtani

Kwetu mtani halii msibani. Akilia, ameharibu kazi. Wenye msiba wana machozi yao ya kutosha, hawahitaji ya kuazima. Mtani anakuja kumsema marehemu, kumuiga anavyotembea, kukalia jeneza lake na kugoma kuinuka mpaka apewe kitu. Kazi hiyo nimeifanya misiba mingi, na kila mara nimeondoka na changu: jogoo, doti ya kanga, mwaka mmoja bata mzima. Msiba wa Klementi wa Kiswere ulikuwa mwingine. Nauandika kwa sababu watu wameanza kuusimulia vibaya. Wanasema nilimwiba. Sikumwiba. Nilimdai mbele za watu, nikapewa.

Utani wetu ni wa koo mbili. Babu yangu, Mmwera, na babu yake Klementi, Mmatumbi, walikutana wakiwa manamba kwenye shamba la mkonge enzi za Mwingereza. Kule hakuna aliyekuwa na ndugu. Wakaahidiana kwamba atakayetangulia atazikwa na mwenzake. Babu yake akatangulia kwa homa, na babu yangu akamwosha kwa mikono yake, akamchimbia, akamlaza pembeni ya mkonge. Tangu hapo sisi na wao tunatukanana bila kukasirikiana na kunyang'anyana vitu bila kushitakiana, na maiti ya upande mmoja haifukiwi upande wa pili haujasema neno.

Simu ilinikuta sokoni Lindi, nampimia mteja chumvi. Alikuwa Deo, mtoto wa kwanza wa Klementi.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Baba yako amekutuma unililie mvua? Mwambie magunia yangu nayataka makavu."

Nikasikia wanawake wanalia nyuma yake.

"Baba hatunaye, mtani."

Klementi alirudi kutoka majarubani, kwenye chumvi yake, akaomba maji, akakaa kizingitini ayanywe. Kikombe kikamtoka mkononi. Ilikuwa hivyo tu. Mwingine akasema presha, mwingine akasema moyo. Mimi nilifunga meza, nikapita nyumbani Rasbura kuchukua kanga ya pili, nikapanda basi mpaka njia panda na bodaboda mpaka Kiswere.

Wanawake walijaa uani. Waliponiona wakanyamaza, maana walijua kinachokuja. Nikasimama mlangoni.

"Nasikia yule mvivu kalala mchana kweupe, na nyie wote mmeshindwa kumwamsha?"

Wakacheka na kulia papo hapo. Ndivyo inavyotakiwa. Kisha nikatazama alipolazwa Klementi na nusura kazi inishinde. Walikuwa wamemlaza juu ya mlango wangu.

Mlango huo una habari yake. Siku ya kwanza kukutana na Klementi nilikuwa natafuta chumvi ya kupeleka Nachingwea. Majaruba ya Kiswere yako nyuma ya mikoko. Ni vipande vya ardhi vilivyozungushiwa matuta, bahari ikijaa bamvua inaingiza maji, jua linayakausha, chumvi inabaki chini, mtu anaikokota kwa ubao wenye mpini. Kazi hiyo inatafuna visigino. Nilimkuta mwanamume mrefu, kofia ya ukindu kichwani, nyayo zimepasuka kama udongo wa kiangazi. Nikaligonga gunia lake kwa kiatu, nikasema ninavyosema kila mahali:

"Chumvi yako ina tope."

"Ya juu haina, mama," akasema. "Ya chini ndiyo ina tope. Mvua ilinikuta."

Nimenunua vitu tangu nikiwa binti, sijawahi kukutana na muuzaji wa namna hiyo. Nikamuuliza kwao wapi. Akasema Milima ya Matumbi. Nikamuuliza babu yake nani, akanitajia. Nikamshika mkono.

"Kumbe mtani! Basi gunia hili naondoka nalo bure."

"Chukua," akasema taratibu. "Na mimi nitakuja kwako."

Nikadhani anatania. Siku moja narudi nyumbani Rasbura, nakuta choo changu hakina mlango. Majirani wananiambia, kaja mwanamume mmoja mrefu mpole, kasalimia kila mtu, kauliza hali za watoto, kafungua bawaba, kauweka mlango kichwani, akaaga, akaondoka. Nilikaa na pazia la gunia mpaka Krismasi. Mlango akauweka kwenye banda lake la chumvi, na kila nilipokwenda Kiswere alinikaribisha, "Pita, mtani, mlango ni wako."

Sasa walikuwa wameung'oa bandani na kumlaza juu yake, kwa kuwa kitanda chake kilikuwa kifupi.

Mkewe Mwahija alikuwa chumba cha ndani, amekaa mkekani katikati ya mama zake wadogo. Akanivuta karibu.

"Dada Bena, wanakuja kumchukua."

"Nani?"

"Kaka yake, Xaveri. Wamekodi gari, watafika asubuhi. Wanampeleka milimani kwa mama yao. Kaburi wanachimba sasa hivi."

"Na wewe unatakaje?"

"Alishasema mwenyewe. Siku tuliyomzika mwanetu Tekla. Alisema, mimi nitalala hapa pembeni, mtoto hawezi kukaa peke yake."

"Nani alisikia?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Tulibaki wawili, dada. Watu walikuwa wameshaondoka."

"Basi huna shahidi."

Akanitazama kama nimempiga kofi. Lakini uongo wa kumfariji ungemsaidia nini? Heri ajue alipo.

"Wakimpeleka kule nimempoteza mara mbili," akasema. "Kule mimi ni mke wa bomani. Hawajawahi kuniita kwa jina hata siku moja. Nitakwendaje kupalilia kaburi kwenye ua ambao sijawahi kukaribishwa?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Klementi alishuka milimani akiwa kijana, nguruwe pori walipomaliza mihogo ya baba yake, akaomba kibarua kwenye majaruba, kisha akapata yake. Mwahija alikuwa binti wa mjane mwenye majaruba ya jirani. Mvua ndiyo iliyowaunganisha. Kwenye chumvi, wingu likitanda juu ya ghuba, kila mtu anakimbilia jasho lake, akusanye, afunike, maana matone machache yanarudisha kazi ya wiki baharini. Klementi alikuwa na ugonjwa wa kukimbilia za wengine kwanza. Alifunika chumvi ya wajane, akafunika ya mzee mwenye mguu mbovu, na alipofika kwake mara nyingi alikuta maji. Nilimwambia waziwazi kwamba ni mjinga. Akajibu, "Mtani, mimi nina miguu mirefu. Wao hawana." Siku aliyofunika chumvi ya mama yake Mwahija, yake yote iliyeyuka, akapata mke. Nikamwambia hiyo ndiyo biashara pekee aliyowahi kufanya ikamlipa.

Upande wa Mwahija walitaka asilimu. Upande wa milimani walitaka binti abatizwe. Wao wenyewe wakaenda bomani Kilwa Masoko, wakarudi mume na mke, kila mmoja na dini yake. Mama yake Klementi, Bibi Skolastika, akatuma neno moja tu: huyo mwanamke asiletwe kwangu. Klementi akawa anakwenda mwenyewe kila mwaka na gunia la chumvi, anamsalimia mama yake, anarudi.

Nyumba yao mtu angeisema angavyotaka, lakini mimi nililala humo mara nyingi nikisubiri gari. Ramadhani Klementi alikuwa hafungi, ila mchana hakuna aliyemwona akitafuna kitu kwenye ua ule. Saa ya daku yeye ndiye aliyemwamsha mkewe na binti yao Shamimu kwa kugonga sufuria, na futari alipika mwenyewe, magimbi ya nazi, akiwa na jasho la majarubani bado mgongoni. Kwaresima ikifika Mwahija alimchemshia maharage Ijumaa bila kukumbushwa. Deo alikwenda kanisani na baba, Shamimu alikwenda chuo cha Kurani na mama. Wa tatu alikuwa Tekla, aliyefuata baba yake majarubani na kurudi na chumvi kwenye nywele. Homa ilimchukua kabla hajaanza shule. Klementi alimbeba mwenyewe mpaka kwenye makaburi ya Wakristo, nyuma ya jaruba la mwisho, na baada ya hapo hakuna Jumamosi aliyokwenda kazini kabla hajapita pale na ufagio wa chelewa. Kijiji kizima kilimwona. Ila kuona si kusikia, na wazee wa kikao wanauliza nani alisikia.

Asubuhi gari lilifika, pikapu nyeupe yenye vumbi jekundu la milimani. Xaveri akashuka wa kwanza. Ni kaka mtu, mrefu kama mdogo wake, na amevaa koti kwenye joto la pwani. Alipomwona Klementi alisimama muda mrefu mikono nyuma. Hakuulizia habari za mlango. Kisha wakaingia kikao chini ya banda.

Mtani hana neno kwenye kikao. Nilikaa pembeni nachambua mchele, masikio wazi.

Mjomba wa Mwahija akaanza kwa adabu. "Wakwe zetu, tunawapa pole, na sisi mtupe pole. Marehemu kwa kauli yake aliomba alale hapa na mwanawe."

"Alimwambia nani?" akauliza Xaveri.

"Mkewe."

"Yule wa bomani?"

Deo akataka kusimama, Xaveri akamwekea mkono begani, bila ukali.

"Baba, kaa. Sijaja kugombana na mtu. Wewe una mama yako hapo ndani, na mimi nina wangu. Bibi yako macho hayaoni tena, lakini mikono anayo. Amesema, nileteeni Klementi nimshike uso. Nirudi nimwambie nini?"

Nilikuja tayari kumchukia Xaveri, nikakuta mtu aliyetumwa na mama yake. Kikao kikaisha pale. Klementi anakwenda milimani.

Nikaingia chumba cha ndani. Mwahija alishasikia.

"Usianze kulia," nikamwambia. "Nipe kofia na suruali yake, na lile turubai lake la kufunikia chumvi."

Watu waliaga. Katekista akasali. Jeneza likawekwa juu ya mabenchi mawili uani, na vijana wakajipanga walibebe mpaka kwenye pikapu. Hapo ndipo nikatoka. Nilikuwa nimevaa kofia ya ukindu ya Klementi na suruali yake nimeikunja mara nyingi, turubai begani.

"Wingu! Wingu hilo!" nikapiga kelele.

Nikakimbia kwa miguu yake, hatua ndefu, visigino vinauma, nikamfunika mjane mmoja aliyekaa mkekani, nikamfunika mwingine, nikamfunika mzee mwenye mguu mbovu na fimbo yake. Nikarudi katikati, nikajishika kiuno, nikatazama chini.

"Ah," nikasema kwa sauti yake ile ya taratibu. "Yangu imeyeyuka."

Watu walianguka kwa kicheko. Yule mzee wa mguu mbovu alicheka mpaka akashika uso, na mabega yakaendelea kutikisika baada ya kicheko kwisha. Nikamuiga anavyopika futari huku anaonja hewa tu, kwa kuwa Ramadhani haonji mbele ya mkewe. Nikamuiga anavyouza chumvi: "Ya juu nzuri, mama, ya chini usiinunue." Hata wale wa milimani, waliokuwa hawajui maisha yake ya Kiswere, walisogea karibu. Walikuwa wanaonyeshwa ndugu yao.

Kisha nikapanda juu ya jeneza, nikakaa, miguu inaning'inia.

"Halinyanyuki," nikasema. "Huyu amelala usiku kucha juu ya mlango wangu wa choo."

"Mtani," Xaveri akasema, "tuna safari ndefu."

"Nendeni. Nani kawashika?"

Ilibidi aingie kwenye utani, maana desturi ni yake pia. Akavuta pumzi.

"Nakupa jogoo."

"Wa milimani? Anayewika Kimatumbi? Rasbura nani atamwelewa?"

Watu wakacheka. Mdomo wa Xaveri ukacheza kidogo.

"Mbuzi."

"Mbuzi wenu wamepanda milima mpaka nyama yote imehamia kwenye kwato."

"Basi nitakubanikia panya, Mmwera wewe. Si ndiyo sikukuu yenu?"

"Panya wetu ana mafuta kuliko ukoo wako wote, nyie mnaotafuna ming'oko ya porini na maganda!"

Uwanja mzima ukalipuka, na Xaveri mwenyewe akacheka, kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini. Alivua koti. Nilimwona amechoka, hajalala, amelia peke yake njiani. Mimi sikutaja kitu. Katika kununua na kuuza, anayetaja kwanza ameshapigwa; wewe kataa tu, mwenzako atashuka mwenyewe. Nikamkatalia mkeka. Nikamkatalia ndoo ya asali. Jua likawa linapanda na dereva anapiga honi.

"Ee mwanamke, una roho gani?" Xaveri akasema, bado anacheka, machozi pembeni ya macho. "Sema unachotaka. Chochote. Nimekupa. Shuka tuondoke!"

Mmatumbi hata mtoto anajua kwamba kwa mtani husemi chochote. Unataja kitu. Lakini msiba wa ndugu yako unakufungua mahali ambapo siku zote umefunga.

Nikawageukia watu.

"Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Kasema nini?"

"Chochote!"

"Na akasema?"

"Nimekupa!"

Nikavua kofia ya Klementi, nikaiweka mapajani.

"Namtaka Klementi."

Kicheko kilikatika kama taa. Kijana mmoja wa milimani akasogea, ngumi zimekazwa. "Huo sasa si utani. Huo ni wizi."

"Bena, shuka," Xaveri akasema. Hakuniita mtani.

"Babu yenu yuko wapi, Xaveri?"

"Shuka."

"Nakuuliza mbele ya mdogo wako. Babu yenu amelala wapi? Amelala kwenye mkonge, babu yangu alipomlaza. Mlikwenda kumfukua? Kila tukikutana mnasema wenyewe, aliyezikwa na mtani kazikwa kwao. Ni maneno yenu au nimeyatunga mimi? Huyu kalala hapa miaka yote, kaoa hapa, mwanawe yuko pale nyuma ya jaruba. Mtani wake namtaka nimzike. Umesema nimekupa."

Ndani ya pikapu alikuwa mzee mmoja wa ukoo wao ambaye hata kushuka alikuwa hajashuka, magoti yanamsumbua. Akafungua mlango wa gari, akasema bila kupaza sauti:

"Xaveri. Umelisema juu ya maiti. Halimezwi."

Xaveri akakaa chini, palepale kwenye mchanga, na koti lake mikononi. Hakuna aliyemsogelea. Mimi nilibaki juu ya jeneza. Alipoinuka alijipangusa suruali.

"Nimekupa," akasema. "Sirudishi. Lakini sikiliza, mtani. Umechukua mtu mwenye mama. Mzigo unachukuliwa na kamba yake. Mimi siwezi kwenda kumwambia yule mama kwamba nimemwacha mwanawe pwani. Utakwenda wewe. Leo, na gari hili hili. Na hakuna atakayetangulia kupiga simu."

Nilikuwa nimepima kila kitu katika biashara ile isipokuwa hicho.

"Nitakwenda."

Tulimzika pembeni ya Tekla, nyuma ya jaruba la mwisho. Vijana wa milimani na wa Kiswere walichimba wakipokezana. Xaveri alitupa udongo wa kwanza, akaachia nafasi, na Mwahija akasogea akatupa wa pili. Hawakutazamana. Nilipokuwa naingia garini Mwahija akanitia mfuko mikononi. Ilikuwa chumvi aliyoikokota Klementi asubuhi ile ya mwisho, bado na unyevu.

"Ikafukiwe kwenye kaburi la kule," akasema. "Walau wapate kitu chake."

Tulilala Somanga njiani, na asubuhi tukapanda milima. Bibi Skolastika alikuwa amekaa nje ya nyumba kwenye mkeka mpya, nywele zimenyolewa. Nyuma ya migomba kaburi lilikuwa wazi, udongo mwekundu umerundikwa kando. Gari lilipozimwa akainua kichwa. Sisi tukashuka.

"Mmefika," akasema. "Mbona mnashuka wepesi?"

Wabeba jeneza wana hatua zao, na yeye alikuwa amezisubiri. Xaveri alinitazama. Nikaenda nikapiga magoti mkekani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sauti ya nani hii?"

"Mtani wenu. Mjukuu wa yule aliyemzika mkweo kwenye mkonge."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Nimemchukua, bibi. Nilimdai kwa utani, Xaveri akasema amenipa, nikamzika Kiswere. Usimlaumu mtu mwingine. Ni mimi."

Mikono yake ilikuwa juu ya mkeka. Ikafunguka, ikafumba, ikafunguka. Ukishataja bei unanyamaza, hata kama kunyamaza kunakuua. Kuku walipita kati yetu. Hatimaye akanyoosha mikono ile mbele, hewani, mahali ambapo uso ungekuwa.

Sikuwa na uso wa kumpa. Nikamwekea kofia.

Aliigeuza polepole. Akapitisha kidole ndani, kwenye ukingo, ambako jasho la miaka lilikuwa limekauka na kuacha mstari mgumu mweupe. Akaonja kidole.

"Kichwa chake kilikuwa kikubwa tangu anazaliwa," akasema. "Karibu kiniue." Kisha: "Pembeni yake kuna nani?"

"Binti yake. Tekla."

"Huyo sikumshika hata siku moja."

"Ndiyo, bibi."

"Hakuletwa kwa sababu mama yake hakuletwa. Na mama yake hakuletwa kwa sababu nilisema mimi." Akageuza uso upande aliokuwa amesimama Xaveri. "Nyie mlinitii upesi sana."

Xaveri akainamisha kichwa kama mtoto.

"Lile kaburi lisiachwe wazi, litamwita mwingine," mama akaendelea. "Kateni mgomba mfukie."

Nikamwambia kuna chumvi, mkwe wake ameileta ifukiwe pamoja.

"Chumvi ifukiwe?" Sauti ikampanda. "Nyie watu wa pwani mna wazimu? Mwanangu kaitolea jasho mpaka kafa, mkaitupe shimoni? Chumvi inaliwa. Peleka jikoni."

Basi mgomba ukalazwa kaburini, ukafukiwa kwa sala, na mchana tukala ugali na mboga ya kunde iliyotiwa chumvi ya Klementi. Bibi alikula taratibu, akalamba vidole. Kisha akanigeukia.

"Mtani, utani una pande mbili, au Rasbura hamjui?"

"Tunajua, bibi."

"Umenichukulia mtu. Na mimi nachukua. Sema umenipa."

"Taja kwanza, bibi."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, ila kilikuwa kicheko. "Xaveri, umesikia? Hivyo ndivyo watu wanavyofanya." Kisha akaacha kucheka. "Namtaka mke wa mwanangu. Umlete wewe, kwa mkono wako, hapa nilipokaa."

"Yuko eda, bibi."

Bomani au si bomani, Mwahija alikuwa ameshakaa ndani.

"Eda si inakwisha? Nitamngoja."

"Nimekupa," nikasema.

Eda ilipokwisha nikafunga meza tena. Mwahija hakutaka kwenda. Alisema wamemwita wamtukane. Nikamwambia inawezekana, lakini mimi nimeshatoa neno, na kama ni matusi nitayajibu mimi, ndiyo kazi yangu. Akaja na Shamimu. Njia nzima alikaa ameshika mzigo wake mapajani, hakula kitu.

Bibi Skolastika alikuwa mahali palepale. Mwahija akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mikono ile ikanyooka. Safari hii ilipata uso. Ikapita kwenye paji, kwenye macho, ikashuka kwenye mashavu yaliyolowa, ikakaa hapo.

"Jina lako nani?"

"Mwahija, mama."

"Mwahija," bibi akarudia, kama mtu anayejaribu ufunguo. "Kaa hapa karibu. Ile chumvi iliisha zamani, tunakula vitu vya ajabu kutoka dukani. Umekuja na nyingine?"

Mwahija akafungua mzigo.